Sababu zako za kutaka kusoma uchumi: namna ya kuziandika mpaka msomaji azielewe

Kila msimu wa maombi napewa maelezo ya wanafunzi wanaotaka kusoma uchumi niyapitie, na kila msimu nakutana na sentensi zilezile. "Tangu utotoni nimevutiwa na uchumi." "Uchumi ni uti wa mgongo wa taifa lolote." "Nataka kuchangia maendeleo ya nchi yangu." Wanaoziandika si wavivu, na wengi wao ni vichwa darasani. Tatizo ni kwamba wameulizwa sababu zao, wao wakajibu kwa kulisifia somo.

Maombi ya kawaida ya shahada katika vyuo vya Tanzania huamuliwa kwa ufaulu, kwa hiyo huenda hujawahi kuombwa maelezo ya namna hii. Utayakuta ukiomba ufadhili, ukiomba chuo cha Uingereza au Marekani, au ukiitwa kwenye usaili. Ukifuata hatua zilizo hapa chini kwa mpangilio wake, utapata maelezo ambayo hayawezi kuandikwa na mtu mwingine yeyote.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Swali lenyewe, neno kwa neno. Linakili kutoka kwenye fomu pamoja na kikomo cha urefu. Usitegemee ulivyosimuliwa na rafiki.
- Orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza ya programu unayoomba. Vyuo vingi huiweka kwenye tovuti.
- Daftari na kalamu. Kuna maswali utakayokwenda kuwauliza watu, na simu ukiitoa mfukoni wengi hubadilika.
- Matokeo yako ya kidato cha nne na cha sita, au ripoti za muhula kama hujafanya mtihani.
- Chapisho moja la takwimu. Taarifa ya mfumuko wa bei inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatosha. Aliye Kenya achukue ya KNBS, ofisi ya takwimu ya huko.
- Wasomaji wawili: mmoja mwalimu wa uchumi, mwingine mtu ambaye hakulisoma somo hili kabisa.
- Wiki tatu. Kuandika kwenyewe ni kazi ya siku chache. Kinachokula muda ni hatua ya tatu na ya nne, na ndizo watu wanazoziruka.

## Hatua ya 1: Jua unaulizwa nini

Maswali yanafanana kwa juu lakini hayadai jibu moja. Wafadhili wengi wanataka kujua elimu yako itamfaa nani zaidi yako. Chuo kinataka kujua kama utaliweza somo na kama unajua unachoingia.

Kwa Uingereza, maombi hupitia UCAS, taasisi inayopokea maombi ya vyuo vya huko. Kuanzia wanaoingia chuoni mwaka 2026, ile insha moja ndefu imegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na umefanya nini nje ya darasa kujiandaa na kwa nini kina faida. Jumla ni herufi 4,000 ukihesabu na nafasi, na kila jibu lisipungue herufi 350.

Onyo: usichukue maelezo uliyowaandikia wafadhili ukayapeleka chuoni vilevile. Kule uliongea kuhusu jamii yako, huku unaulizwa kuhusu somo.

Umefanikiwa ukiweza kumweleza mtu kwa sentensi moja wanachotaka kukijua, bila kuangalia karatasi.

## Hatua ya 2: Andika sababu zako za kweli, hata za aibu

Chukua ukurasa mmoja wa daftari uandike sababu zote. Huu hautasomwa na mtu, kwa hiyo usijipambe.

Wengi wakiandika kwa uaminifu hupata mchanganyiko huu: baba anataka, mshahara wa benki, nilijaza tahasusi nyingine kwenye Selform (fomu ya kuchagua masomo) nikapangiwa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), mwalimu wa uchumi alikuwa anafundisha vizuri, sipendi kemia. Hakuna dhambi hapo. Ila msomaji wako hawezi kukuchagua kwa sababu hizo, kwa kuwa mwombaji anayefuata anazo zilezile.

Kazi ya hatua hii ni kuuliza kila sababu swali moja: *baada ya hapo, nini kilinibakiza?* Ulipangiwa HGE, sawa. Lakini ulisoma miaka miwili. Ni mada gani ulikuwa ukiifungua hata siku isiyo na kipindi? Unataka kazi Benki Kuu kwa sababu ya mshahara, sawa. Wale watu wanafanya kazi gani pale? Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliacha kuongoza sera ya fedha kwa kulenga wingi wa fedha, ikaanza kutumia riba yake, ikianzia asilimia 5.5. Anayeweza kueleza kwa nini riba hiyo inamgusa mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayedaiwa mkopo, na akasema angependa kuwa miongoni mwa wanaoipanga, huyo ana sababu. Anayesema tu "nataka kufanya kazi benki" bado hajaipata.

"Nataka kuinua uchumi wa nchi" nayo ipitishe hapohapo. Muuguzi anainua uchumi, na fundi umeme na mvuvi vilevile. Wewe unataka kuinua sehemu ipi, ukiwa umekaa kiti gani? Kama ni Mchumi wa halmashauri anayepanga bajeti ya maji, sema hivyo.

Umefanikiwa ukibakiwa na sababu moja au mbili ambazo zingeshangaza kidogo wanaokufahamu.

## Hatua ya 3: Tafuta jambo unalolijua kwa macho

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Sababu ya kusoma uchumi haishiki mpaka iegemee kwenye jambo uliloliona likitendeka, ukajiuliza kwa nini watu wenye akili timamu wanalifanya.

Tafuta mahali ambapo watu wanafanya jambo linaloonekana la kijinga, au linalowaumiza, na bado wanaendelea. Uchumi unaishi hapo. Yapo mengi kuzunguka nyumbani kwako:

- Mwaka huu nyanya zina bei, mwaka unaofuata kila mtu Ilula kalima nyanya na matenga yanaozea barabarani. Kwa nini hawajifunzi?
- Bodaboda wa hesabu ya siku, anayempelekea mwenye pikipiki fedha kila siku, anaikimbiza pikipiki kwenye mashimo. Wa mkataba, ambaye akimaliza malipo chombo kinakuwa chake, anakwepa hata kokoto. Kazi ni moja na barabara ni moja.
- Mama ana akiba ndani ya kikoba lakini anakopa kwa mtu wa mtaani kwa riba kubwa.
- Korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mkulima analipwa baadaye, na bado wapo wanaouza kangomba, yaani nje ya mfumo huo, kwa bei ya chini kabla ya msimu.

Mimi nitatumia lumbesa kama mfano mpaka mwisho, kwa sababu mikoa mingi inaijua. Viazi vinauzwa kwa gunia. Gunia linajaa, kisha linaongezewa kipande cha gunia jingine juu, linashonwa kwa kamba, na kilichotakiwa kuwa kilo 100 kinafika 120 na zaidi. Bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, maofisa wanakamata, viongozi wanakemea majukwaani mwaka baada ya mwaka. Lumbesa ipo.

Onyo: usichague jambo kwa ukubwa wake. Deni la taifa, mabadiliko ya tabianchi na umaskini wa Afrika ni mambo mazito, lakini hukuwahi kuyagusa kwa mkono na msomaji atalihisi hilo ndani ya sentensi mbili. Jambo dogo ulilokaa nalo lina nguvu zaidi.

Umefanikiwa ukiwa na jambo moja ambalo unaweza kulizungumzia kwa dakika tano bila kutaja neno "maendeleo".

## Hatua ya 4: Lichimbe mpaka litoe swali

Kuona jambo hakutoshi. Wanafunzi wengi hufika hapa wakasimama: wanasimulia lumbesa, wanalaumu madalali, wanamaliza. Hayo ni malalamiko, na malalamiko hayahitaji shahada.

Kwanza, piga hesabu. Mkulima ana kilo 600. Akijaza kilo 100 anapata magunia sita. Akijaza kilo 120 anapata matano. Bei ya gunia ikiwa ileile, gunia zima limekwenda bure. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza, kwa hiyo "wakulima hawana elimu" haiwezi kuwa jibu.

Pili, waulize watu wa pande zote. Nenda na daftari. Mkulima atakwambia hakuna mizani shambani, viazi havingoji, na yeye akikataa, jirani atajaza. Dereva atakwambia nauli inatozwa kwa gunia. Ushuru nao ukihesabiwa kwa gunia, kila kilo inayoongezwa juu inasafiri bila kulipiwa. Dalali atakwambia ile ziada ni fidia ya viazi vitakavyooza njiani. Usimbishie. Andika.

Tatu, tafuta majibu yanapogongana. Kama ziada ni fidia ya kuoza, lumbesa ingepungua kwenye vijiji vilivyofikiwa na lami. Imepungua? Kama tatizo ni mizani, kwa nini penye mizani watu hawaitumii? Kama kila mkulima anaumia, mbona hawakatai kwa pamoja? Swali la mwisho hilo ndilo zito, kwa sababu anayekataa peke yake anabaki na viazi vyake, na anayekubali anauza.

Sasa una swali la kiuchumi. Hujalijibu, na hutakiwi kulijibu. Msomaji hatafuti mtu aliyekwisha kumaliza kusoma. Anataka kuona namna unavyofikiri ukiwa hujui.

Umefanikiwa ukiweza kuliandika swali lako kwa mstari mmoja, na ukaweza kutaja kitu ambacho ungekipima ili kulijibu.

## Hatua ya 5: Soma kidogo, lakini soma kwa kubishana

Orodha ndefu ya wasomi haimsaidii mtu. Mwanafunzi anayetaja Adam Smith, Keynes na Marx kwenye aya moja anaonyesha tu kwamba amewahi kusikia majina. Chagua kazi moja inayogusa swali lako, isome au usome muhtasari wake mzuri, kisha uandike sentensi mbili: nini kimekufungua macho, na nini hukukubali.

Mifano ya karibu na sisi ipo. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, yaani karibu asilimia 2 ya kaya zote. Michael Kremer, mmoja wa walioshinda Nobel ya uchumi mwaka 2019, alifanya na Edward Miguel utafiti wa dawa za minyoo katika shule za Busia, Kenya, wakaeleza kwamba mahudhurio yalipanda hata kwa watoto ambao hawakumeza dawa. Mwaka 2015 watafiti wengine waliirudia hesabu ile, na mabishano makali yakazuka. Mwanafunzi anayejua kwamba wachumi hubishana namna hiyo, na kwamba wanabishana juu ya data, ameshaelewa jambo ambalo vitabu vya sekondari havilisemi.

Mwenye swali la lumbesa angefaidika na Elinor Ostrom, aliyepata Nobel mwaka 2009. Yeye alionyesha jamii zinazotunza maji, misitu na malisho kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Hapo swali linapata meno: kwa nini wavuvi au wafugaji wa mahali fulani waliweza kupatana, na wauza viazi hawajaweza?

Onyo: usitaje ambacho hujakisoma. Usaili mmoja tu unatosha kukuumbua.

## Hatua ya 6: Zungumzia hisabati bila kukwepa

Wengi huingia uchumi wakidhani ni somo la maelezo. Fungua ile orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza uliyoandaa. Utakuta kalkulasi, takwimu, na uchumi mdogo (microeconomics) uliojaa milinganyo. Vyuo vinavyoongoza Uingereza hudai hisabati ya kidato cha sita kama sharti, kwa hiyo hakiki kabla hujalipia maombi.

Wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) kazi yako ni nyepesi: onyesha mahali ulipoitumia hisabati kujibu jambo la kiuchumi, usiishie kusema unaipenda. Chukua tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 nchini Tanzania. Watu wengi walirudi kutembea na fedha taslimu, na Septemba mwaka huohuo serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Ukieleza kwamba kiwango cha tozo kikipanda mapato hayapandi milele, na kwamba kuna nukta ambapo mteremko wa mapato unakuwa sifuri, umeonyesha unyambulishaji wa hisabati (differentiation) kwa vitendo.

Wa HGE au ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) uliyesoma BAM, yaani hisabati ya msingi, usijidharau na usijifiche. Taja ulichofanya kuziba pengo: mada ulizojisomea, hesabu ulizotengeneza kutokana na taarifa ya mfumuko wa bei, jedwali la bei ulizokusanya sokoni. Anayesoma atakuheshimu zaidi ukilikabili kuliko ukilinyamazia, kwa sababu matokeo yako anayo mezani.

Umefanikiwa kama kuna walau sentensi moja yenye namba ulizozishika wewe mwenyewe.

## Hatua ya 7: Andika rasimu

Maombi mengi yanaandikwa kwa Kiingereza, lakini nakushauri rasimu ya kwanza iandike kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote unayobishania na ndugu zako. Hoja zikishakaa sawa, andika upya kwa Kiingereza chepesi. Ukianza na Kiingereza utajikuta unaokota sentensi ulizozisikia kwenye mahafali.

Anza na jambo lenyewe. Aya ya kwanza ya mwenye lumbesa inaweza kwenda hivi:

> Nyumbani kwetu viazi huuzwa kwa gunia, na gunia hujazwa lumbesa. Nilidhani wakulima hawajui hesabu, mpaka nilipokaa shambani na mjomba siku ya kuuza. Alijua kabisa kwamba katika kilo 600 anapoteza gunia zima. Alikubali kwa sababu mizani haikuwepo, lori lilikuwa linaondoka jioni ile, na jirani alikuwa tayari kujaza. Dalali aliniambia ziada ni fidia ya viazi vinavyooza njiani, lakini lami ilipofika kijijini ziada haikupungua. Nataka kusoma uchumi ili nijue kwa nini watu wanabaki kwenye mpango ambao kila mmoja wao angependa uishe, na namna ya kupima kitakachotokea mizani ikiletwa.

Angalia kilichomo: mahali, namba, watu watatu wenye masilahi tofauti, maelezo yaliyojaribiwa yakashindwa, na swali. Neno "napenda" halimo, na halihitajiki.

Baada ya hapo fuata: ulichosoma na ulichobishana nacho, masomo yako na hisabati, kisha mambo ya nje ya darasa. Katika haya ya mwisho, uhazini wa klabu au kusaidia dukani kwa shangazi kuna thamani ukieleza ulichokigundua pale. Cheo kitupu hakisemi kitu.

Onyo kubwa: usiinakili aya hii, wala ya mtu mwingine. UCAS huyapitisha maelezo yote kwenye programu ya kulinganisha maandishi. Mwaka 2007 ilikuta waombaji 234 wakisimulia kisa kilekile cha mtoto wa miaka 8 aliyetoboa pajama zake kwa moto akifanya majaribio ya kemia. Programu za akili mnemba nazo zina hatari ya aina hiyo: ukiiomba ikuandikie sababu zako, itakupa zilezile inazowapa wenzako. Itumie kukagua tahajia, basi.

## Hatua ya 8: Kata, kisha soma kwa sauti

Rasimu ya kwanza ikizidi kikomo kwa theluthi, ni jambo jema, una cha kukata. Ondoa kwanza kila sentensi ambayo mwombaji mwingine angeweza kuiandika bila kubadilisha neno. Kisha ondoa methali na nukuu za viongozi. Kisha vivumishi.

Mpe mwalimu wa uchumi akague kama hoja ni sahihi. Yule asiyesoma uchumi asome mara moja tu, umnyang'anye karatasi, umuulize anakumbuka nini. Akisema "kuna gunia la viazi na mjomba wako", umefaulu. Akisema "unapenda sana uchumi", rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 9: Tuma, na ujiandae kuulizwa

Tunza nakala. Ukiitwa kwenye usaili, maswali yatatoka humohumo: ungeipimaje lumbesa, serikali ikigawa mizani bure nani atapinga, kama wewe ndiye dalali ungefanya nini. Fanya mazoezi ya kujibu swali hilo la mwisho kwa haki, bila kumfanya dalali shetani.

Halafu angalia saa. Maombi ya Oxford na Cambridge hufungwa tarehe 15 Oktoba, na mengi ya vyuo vingine vya Uingereza katikati ya Januari, yote saa 12 jioni kwa saa za kwao. Oktoba hiyo ni saa 2 usiku Afrika Mashariki. Januari, kwa kuwa wao hurudisha saa nyuma, ni saa 3 usiku. Mtandao huelemewa siku ya mwisho, na mwalimu anayekuandikia barua ya mapendekezo naye ana mitihani ya kusahihisha, kwa hiyo mpe taarifa mwezi mmoja kabla na utume wiki moja kabla.